Kumpeleka Mashavu Miono

Mliniona siku ile nikiingia mjini, kanzu imechanika begani na miguu imevimba, na hakuna aliyenisimamisha njiani kunihoji. Nawashukuru. Tangu hapo mmekuja barazani kwangu mmoja mmoja. Huyu anauliza mbona nimetumia siku kumi na saba kwa safari ambayo wapagazi huenda na kurudi kwa siku saba. Yule anauliza kile kisa changu kirefu ninachokitunga kimefika wapi, na mwingine ananywa kahawa yake na kunitazama tu. Nimechoka kusimulia vipande. Nimeshika kalamu niandike mara moja, nanyi mpokezane.

Jambo lenyewe mnalijua kwa juu juu. Zuhura, mke wangu, alijifungua mtoto wa kiume, mdogo kama kiganja, asiyejua kushika ziwa. Tangu siku ya kwanza ya arobaini yake macho ya Zuhura hayakuondoka kwa kile kichanga. Mashavu, binti yetu wa kwanza, ana miaka miwili na nusu. Kwao Zuhura, huko Miono, mjukuu wa kwanza wa kike hulelewa na bibi mzaa mama mpaka awe mwari, na bibi alikwisha kutuma salamu mara mbili kumtaka. Zuhura aliniambia akiwa amegeukia ukutani, "Mpeleke. Ukiona panafaa, mwache. Ukiona hapafai, rudi naye. Lakini usimvunje moyo mama yangu."

Nikatoka nyumbani na amri mbili zisizoweza kukaa chungu kimoja, na mtoto mgongoni.

Dunda hadi kivuko cha Kingani

Kutoka kwetu Dunda nilifuatana na Kondo, mpwa wa mkwe wangu, aliyekuwa akirudi kwao na mzigo wa chumvi na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Huyo ndiye aliyekuwa awe kinywa changu. Mnajua kwamba mimi na mkwe wangu hatuonani uso kwa uso wala hatusemezani. Huko bara wanalishika jambo hilo kuliko sisi wa mjini. Tuliagana hivi: tukifika, Kondo ataingia ndani na kusema yote, nami nitakaa nje na adabu yangu.

Mashavu alikuwa na maneno kama thelathini, na njiani nimegundua kwamba mengi ni ya kukataa. Neno lake kuu ni "nyenyewe", ndivyo anavyosema mwenyewe. Ukimvika nguo anasema nyenyewe, anaivua na kuivaa upya, kichwa kikitokea kwenye mkono. Nyumbani jambo hilo lilinichekesha. Nyumbani lilikuwa kazi ya mama yake.

Kivukoni tulikuta mtumbwi umekaribia kujaa Wanyamwezi na mizigo yao. Nikambeba Mashavu, nikamketisha, tukasukumwa. Hatujafika katikati ya mto akakakamaa kama ubao na kupiga kelele mpaka ndege wakaruka kutoka mikokoni. Mvushaji, mtu mfupi mwenye shingo nene, aliuliza kama mtoto ameumwa na kitu. Kondo akamweleza kwamba hakuumwa, amekasirika kwa kuwa amepandishwa. Alitaka kupanda mwenyewe.

Nilidhani atacheka. Akaangalia maji, ambako masikio ya viboko yalionekana mbali kidogo, akasema, "Basi arudi apande. Mimi siuvuki mto huu na mtu anayerukaruka."

Mtumbwi mzima ukageuka. Mashavu akashushwa matopeni, akapanda kwa magoti na viwiko, matako juu, taratibu, kama mzee anayepanda kitandani. Alipoketi alijifuta mikono kifuani na kusema, "Twende." Mpagazi mmoja, aliyekuwa akimtania Kondo tangu tulipofika, alisema sasa ameelewa kwa nini watu wa pwani hawafiki Unyanyembe: wakishapandishwa wanataka washuke wapande tena. Kondo akamjibu kwamba watu wa pwani hawana haja ya kufika, maana wao hubebewa vitu na Wanyamwezi. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni na jua lilikuwa bado halijapanda.

Windi

Baada ya Kingani njia hukata uwanda wa chumvi, mweupe, usio na kivuli hata cha kumfunika mjusi. Kamba ya mzigo wa Kondo ikakatika. Akaniambia nitangulie Windi, mtoto asiungue. Mashavu naye alitaka kutembea. Nikamweka chini, chumvi ikamchoma nyayo, akalia. Nikambeba, akalia zaidi. Nilimfunga kwenye mbeleko kwa nguvu, nikakaza mwendo. Ndivyo nilivyoingia Windi: mwanamume peke yake, jasho linamtiririka, mbeleko mgongoni, na ndani ya mbeleko mtoto anayelia, "Sitaki! Sitaki!"

Wanawake walikuwa kisimani. Sikuona nani aliweka ndoo chini kwanza. Nilijikuta nimezungukwa, na mmoja alikuwa na mchi wa kutwangia mkononi. Hizi ni zama za watoto kupotea njiani, msinifanye niwaeleze wanakopelekwa. Wakaniuliza mtoto ni wa nani. Nikasema wangu. Mama yake? Yuko ndani, arobaini. Tangu lini mwanamume akabeba mbeleko? Mimi ninayeshinda barazani nikipanga maneno mbele yenu nilisimama pale mdomo mkavu.

Mwanamke mrefu, mtu mzima, aliyeonekana kusikilizwa na wenziwe, akamfungua Mashavu mgongoni pangu na kumsimamisha chini. Akamuuliza kwa upole, "Huyu nani, mwanangu?"

Mashavu alinitazama. Alikuwa bado na hasira za ile mbeleko. Akasema, "Sitaki."

Mwenye mchi akasogea hatua moja.

Yule mrefu hakupandisha sauti. Alituketisha chini ya paa la jikoni kwake, akaleta sahani mbili za wali na samaki wa kukaanga, moja akaniwekea mimi, nyingine akamwekea mtoto pembeni kwake. Wanawake wakakaa kutazama. Nikala kwa kuwa niliamriwa, sikuonja kitu. Mashavu akaichungulia sahani yake, samaki mkubwa kuliko wangu. Akainuka. Akaja kwangu, akanishika taya kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachomoa kipande cha samaki kilichokwisha kuingia kinywani mwangu, akakila.

Mama yule akawaambia wenziwe wakachote maji. "Ni wake," alisema. "Mtoto hamnyang'anyi mgeni kinywani."

Kondo alipofika alitukuta tumelala wote wawili juu ya mkeka, mtoto juu ya tumbo langu. Wale wanawake walimcheka sana yeye badala yangu.

Matipwili, ng'ambo ya Wami

Mto wa Wami tulivuka bila ugomvi, kwa kuwa nilikwisha kujua cha kufanya: nilisimama kando nikangoja. Lakini Kondo alikanyaga mwiba kule kwenye uwanda, akauchomoa, akaiacha ncha yake ndani. Matipwili mguu ukavimba kama boga. Akawekewa majani ya moto asubuhi na jioni. Tulikaa siku nne.

Ni siku hizo zilizoniharibu. Nyumbani nilikuwa nikimwona Mashavu wakati wa kula na wakati wa kulala, kama mtu anavyouona mwezi. Matipwili sikuwa na kazi nyingine. Nilikaa naye kutwa nzima, joto limetulalia, naye akivionyesha vitu kimoja kimoja kwa kidole, anauliza, "Nini hii?" Nikimjibu, analitia neno kinywani, analigeuza, analitoa likiwa dogo zaidi na lake. Kuku. Moshi. Kovu. Alilipenda kovu la goti langu, akalisalimu kila asubuhi, "Kamoo, kovu," yeye ambaye watu wazima wote wa Matipwili waliomba shikamoo yake wakanyimwa. Nimeandika kurasa ngapi mbele yenu za mapenzi? Hakuna hata mmoja uliojua kitu kuhusu mtu anayeamka na kulisalimu kovu lako.

Siku ya nne Kondo alijaribu kusimama, akakaa tena.

"Shemeji," akasema, "mimi sifiki Miono wiki hii."

Nikamuuliza nani atanisemea. Akasema mume wa mkwe wangu amekufa, mwanawe wa kiume yuko bara na misafara, na mambo ya nyumbani hayasemwi na jirani. Akamtazama Mashavu aliyekuwa akimmiminia kuku mchanga.

"Huyo anatosha," alisema. "Kwetu mtoto anaweza kusimama katikati. Atakwenda na kurudi, mtasema."

Nilimkumbusha kwamba ana maneno thelathini.

"Kwani wewe una mangapi unayoyahitaji?"

Njia ya bara

Mwendo wa siku mbili kwa Kondo ukawa wa siku tatu kwangu. Mzigo wangu niliugawa nusu, nusu nikamwachia. Mashavu alitembea mwenyewe, na mwendo wake ni huu: hatua kumi, sisimizi; hatua sita, jiwe; hatua mbili, kukaa. Tulikula mihogo ya kuchoma na mahindi ya vuli tuliyopewa mashambani. Mrina asali mmoja alitukuta tumekaa njiani, mimi nimekata tamaa, Mashavu anahesabu vidole vyake kwa kuviita vyote "moja". Alituvunjia kipande cha sega, akaketi nasi mpaka tukamaliza, hakuuliza tunakwenda wapi. Sijui jina lake. Mara nyingi namkumbuka kuliko watu ninaowajua.

Nilitumia njia ile kupanga hotuba. Nilikuwa nimekwisha kuamua: nitamwomba mkwe aniachie mwanangu. Nilitafuta maneno yenye heshima, yanayopanda polepole na kushuka polepole. Kufika Miono nilikuwa nayo yote kichwani, na kila nilipoyarudia yalikuwa mazuri zaidi. Bega la kanzu lilichanika kwenye miiba nikiwa katika kuyatengeneza, sikusikia.

Kibaraza cha Miono

Nyumba ya mkwe wangu ni ya miti na udongo, na ukutani mwa mbele pana tundu la kupitisha ngumi. Niliketi kibarazani mgongo umeelekea mlango, kitambaa kichwani, kama inavyotakiwa. Mashavu aliingia ndani bila kuongozwa. Nikasikia sauti ya mwanamke ikianza kuzungumza na kukatika, kisha kimya, kisha kitu kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto.

Kisha sauti ikasema wazi, "Mwambie baba yako, karibu."

Niliisikia kama mnavyonisikia mimi barazani. Lakini sikujibu, kwa kuwa sikuwa nimesikia. Ndivyo heshima yenyewe ilivyo: neno la mkwe halijafika mpaka mjumbe awe amevuka kizingiti na kusimama mbele yako. Mashavu alitoka, akasimama, mikono nyuma, akasema, "Bibi." Nikamwambia, "Mwambie bibi yako, ahsante, nimekaribia." Akarudi ndani akasema, "Baba." Sauti ikasema, "Marahaba, nimesikia."

Aliipenda kazi ile. Siku nzima alikwenda na kurudi, uso mkavu kama wa kadhi. Alileta maji ya kunawa, nusu yamemwagika, na kumzuia bibi yake asimshikie kata: nyenyewe. Alileta ugali na kisamvu. Alipeleka habari za Zuhura, za mtoto mchanga, za mguu wa Kondo, zote kwa neno moja, Baba, nami nazisema kwa sauti, na ndani zinapokewa kana kwamba yeye ndiye aliyezieleza zote.

Siku ya pili mkwe aliuliza, "Muulize baba yako, ameniletea mjukuu, au amekuja kunionyesha?"

Mashavu alikuja. "Bibi."

Nikasema, "Mwambie bibi yako, baba anafikiri."

Siku ya tatu nikasema hotuba yangu. Nilimsimamisha Mashavu mbele yangu, akiwa na gunzi la hindi mdomoni, nikajifunika kitambaa usoni kwa adabu, nikaisema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Haikupanda wala kushuka kama nilivyoipanga. Mahali fulani katikati sauti ilinishinda nikaendelea bila ya sauti. Nilipomaliza, nikasema, "Nenda."

Akaingia. Ndani palikuwa na mchi unatwanga, ukanyamaza.

"Baba nalia," akasema Mashavu.

Lilikuwa neno lake la kwanza kuungana na jingine tangu aanze kazi ya ujumbe, na sikuwa nimemtuma. Nikashika kitambaa changu, nikakiona kimelowa.

Mchi haukurudi. Kisha mkwe wangu akasema, taratibu, bila ubaya wowote, "Mwambie baba yako. Siku aliyokuja kumchukua Zuhura nilikuwa hapahapa, nyuma ya ukuta huu. Nililia tangu asubuhi mpaka walipoondoka. Hapakuwa na mtoto wa kumpelekea habari."

Mjumbe akatoka. Akanitazama kwa makini, gunzi mkononi.

"Bibi nalia," akasema.

Rafiki zangu, siku ile ya kumchukua Zuhura naikumbuka. Nilikuwa kibarazani hapohapo. Nilikuwa natunga beti.

Jua lilitoka kwenye miguu yangu likahamia ukutani. Hatimaye nikamvuta Mashavu karibu, nikamwambia, "Mwambie bibi yako, Mashavu atabaki." Nikamgeuza kuelekea mlango.

Alikwenda mpaka kwenye kizingiti, akaketi juu yake, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Sitaki," akasema.

Nikarudia. "Nenda, mwambie bibi, utabaki."

"Sitaki."

Nikasema mara ya tatu, kwa sauti iliyopita kipimo cha mtu aliye nje kwa mkwewe. Mtu wa nyumba ya tatu angesikia. Mashavu alianza kuokota punje zilizobaki kwenye gunzi, moja moja, akizitia katika pindo la nguo yake. Hakuinuka. Nyuma yake, ndani, hatua mbili tu kutoka alipokaa, nilisikia mtu anavuta pumzi.

Nikangoja jibu. Hapakuwa na jibu, kwa kuwa hapakuwa na neno.

Baada ya muda mkwe wangu alizungumza, lakini si na mtoto. Alizungumza kama mwanamke anavyosema na mafiga yake. "Leo hakuna neno lililoletwa humu ndani," alisema. "Mimi sijasikia kitu."

Kisha nikasikia ungo ukishushwa, na mahindi yakipukuchuliwa mengi, ya sisi wawili kula njiani.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka mkwe alimwita Mashavu ndani, na kupitia lile tundu la ukuta, ambalo sikupaswa kulitazama nami nikalitazama, niliona kichwa chenye mvi kimeinamia sikio dogo kwa muda mrefu. Mtoto alitoka amelifunika sikio hilo kwa kiganja. Nilimuuliza bibi amesema nini. Nilimuuliza Matipwili, ambako Kondo alitupokea na fimbo, na nilimuuliza Windi, ambako mwenye mchi alitupatia papai bila kuomba radhi. Alikaza kiganja sikioni kila nilipouliza, au akasema "yangu", akalala.

Mimi nilikuwa nimechoka kwa namna nisiyokuwa nimeijua, uchovu wa mtu aliyebeba deni lililosamehewa na hajui aliweke wapi. Kingani mvushaji alituona kutoka mbali. Aliushika mtumbwi kwa mikono miwili usitikisike, akageuza uso pembeni, akangoja mpaka Mashavu amepanda.

Nyumbani Zuhura alikuwa kitandani na mtoto kifuani. Kile kichanga kilikuwa kimeanza kunyonya. Nilisikia kabla sijaona. Alipomwona Mashavu aliniangalia mimi tu, na katika macho yake ilikuwa ile amri ya pili, ya moyo wa mama yake.

Mashavu alinipita. Akapanda kitanda, magoti na viwiko, matako juu, na nilipomsogezea mkono akaupiga. Akatambaa mpaka kwenye sikio la mama yake, akaondoa kiganja chake, akaweka mdomo pale, akapuliza. Hapakuwa na neno hata moja ndani yake, nilikuwa karibu, nilisikia: ni pumzi tu, ndefu, yenye joto, mpaka ikamwishia. Kisha akaketi, akatazama usoni mwa mama yake, akingoja.

Zuhura alifumba macho.

"Marahaba," akamwambia. "Nimesikia."